Get Rich or Die Tryin': nakala 872,000 kwa siku nne. Ni risasi, ni Dre, ama ni kanda za mtaani?

Omosh wa Manyatta (Kisumu)
Habari zenu wasee. Leo nataka tubishane kuhusu albamu moja tu, Get Rich or Die Tryin' ya 50 Cent, rapa wa Marekani. Ilikuwa imepangiwa kutoka Jumanne tarehe 11 Februari 2003. Ikavuja, wachuuzi wakaanza kuiuza barabarani, kampuni ikaiwahisha hadi Alhamisi tarehe 6. Wakati huo hesabu ya mauzo ya wiki kule Marekani ilikuwa inafungwa Jumapili. Kwa hivyo siku nne tu, nakala 872,000. Wiki iliyofuata, 822,000. Kufika Desemba ndiyo iliyokuwa imeuza kuliko albamu nyingine yoyote Marekani mwaka huo, iwe ya rap au ya nini.

Kila nikiuliza sababu naambiwa ni zile risasi tisa alizopigwa mwaka wa 2000. Mimi nakataa. Nasema ni kanda za mtaani (mixtape). Lebo ya Columbia walimtema mwaka wa 2000, albamu yake Power of the Dollar ikafungiwa, hakuna lebo iliyotaka kumgusa. Akachukua biti za watu zilizokuwa zinavuma redioni, akaziimbia upya yeye na kina Lloyd Banks na Tony Yayo, akazimwaga barabarani. Kufika mwisho wa 2002 mji mzima wa New York ulikuwa unamjua na hakuna aliyekuwa ameshika albamu yake mkononi. Alijenga njaa kwanza, chakula kikaja baadaye. Bisheni.

Dere wa Zamani (Nakuru)
Omosh umeongea vizuri lakini umeongea kama mtu wa New York. Kanda hizo za Lloyd Banks ni nani alizisikia hapa? Hakuna. Sisi Nakuru tulianza na In da Club moja kwa moja na ikatushika vilevile. Hiyo inakuonyesha kilichouza ni biti.

Nilikuwa naendesha nyanga (matatu yenye mbwembwe) ya Free Area mwaka huo. Spika mbili kubwa chini ya kiti cha nyuma, twita nne juu ya dari. Ule wimbo ukianza, kabla hajatamka neno, zile ala zinapiga na kioo cha mlango kinatetemeka ndani ya raba yake. Abiria walikuwa wanaacha gari lililo karibu kujaa, wanaingia langu likiwa tupu, kwa sababu ya wimbo mmoja. Watu wazima, na vitambulisho mfukoni. Biti ilikuwa ya maprodyuza Dr. Dre na Mike Elizondo. Toa hiyo biti, weka hadithi zote za risasi unazotaka, uone kama kuna mtu atapanda.

Na tusisahau, hakuna rapa aliyekuwa ameuza hivyo wiki ya kwanza.

Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)
Mulembe. Dere, hapo mwisho tusimame kidogo. Eminem aliuza The Marshall Mathers LP zaidi ya milioni 1.7 kwa wiki ya kwanza, mwaka wa 2000. Na The Eminem Show ya 2002 ilipita milioni moja kwa wiki moja pia. Rekodi ya 50 ilikuwa ya albamu ya kwanza ya msanii chini ya lebo kubwa. Aliyekuwa anaishikilia ni Snoop, Doggystyle ya 1993, iliyouza laki nane na kitu. Ukilinganisha na Snoop ndipo unaona uzito, kwa sababu Snoop naye alikuja na Dre, akiwa na kesi ya mauaji magazetini, na watu walikuwa wamemsikia tayari kwenye The Chronic, albamu ya Dre. Hali ileile miaka kumi kabla.

Mtoto wa Kaptembwa (Nakuru)
Mwalimu umejijibu mwenyewe. Snoop alikuwa na kesi, 50 alikuwa na risasi. Watu hununua hadithi. Tarehe 24 Mei 2000 anapigwa risasi tisa nje ya nyumba ya nyanyake huko South Jamaica, Queens, moja inaingia shavuni, na tangu hapo matamshi yake yanakuwa mazito kidogo, yale tunayoyajua. Ina maana kila mstari anaoimba unabeba ushahidi wa tukio. Jarida lolote lililomwandikia lilianza na hizo risasi. Hiyo ni matangazo ambayo hakuna kampuni ingeweza kulipia.

Omosh wa Manyatta
@Mtoto wa Kaptembwa kama risasi zinauza, mbona Columbia walimtupa baada ya risasi? Walikuwa na mkataba, walikuwa na albamu imekamilika, na hadithi ilikuwa mbichi. Wakaogopa, wakamwacha hospitalini. Risasi zilimfungia milango karibu miaka miwili. Zilikuja kuwa mali baada ya mtaa kumkubali.

Mtoto wa Kaptembwa
Waliogopa kwa sababu hawakujua biashara. Eminem na Dre walijua.

Baba Zawadi (Bungoma)
Salamu kwa wote. Vijana mnazunguka tu, jina limetajwa na mkalipita. Eminem. Mwaka wa 2002 Eminem ndiye aliyekuwa anauza muziki kuliko mtu yeyote. Anasikia kazi ya huyu kijana kupitia watu wake, anamwita Los Angeles, anamkutanisha na Dre, wanampa mkataba wa dola milioni moja. Halafu Novemba filamu ya 8 Mile inatoka na kwenye albamu ya hiyo filamu kuna Wanksta ya 50. Sasa fikirini: ni watu wangapi walinunua albamu ya 8 Mile kwa ajili ya Eminem, na wakakutana na 50 humo ndani? Watoto wa mashambani Marekani, ambao hawajawahi kukanyaga Queens. Kanda za Omosh hazikufika huko. Eminem alifika.

Mimi mwenyewe nilianzia hapo. Ndugu yangu alikuwa ameleta video ya 8 Mile, tukaiona kwa jirani aliyekuwa na mashine, na baada ya hapo kila kitu ambacho Eminem alisema ni kizuri tulikichukua kuwa kizuri. Imani ya msanii mmoja ikahamia kwa mwingine. Biashara nyingi zinaenda hivyo.

Nyar Kibuye (Kisumu)
Hamjambo. Naona wanaume watupu wanapigana hapa na risasi na lebo, hakuna aliyetaja kitu rahisi kabisa. In da Club ni wimbo wa siku ya kuzaliwa. Kila siku ya mwaka kuna mtu anazaliwa. DJ yeyote, klabu yoyote, sherehe yoyote ya nyumbani, lazima aipige, hata kama hapendi rap. Wimbo wa Krismasi unafanya kazi mwezi mmoja. Huu unafanya kazi miezi kumi na miwili. Ulikaa nambari moja kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, wiki tisa, na si wahuni wa Queens waliouweka pale. Ni wasichana waliokuwa wanacheza.

Wimbo uliofuata ulikuwa 21 Questions na Nate Dogg. Wa mapenzi, kijana anamuuliza msichana kama atamvumilia akiishiwa. Nao ukafika nambari moja. Dre mwenyewe hakuutaka kwenye albamu, 50 akasisitiza. Kwa hivyo yule mliyemfanya jambazi wa risasi tisa alijua soko lake lina wanawake, nyinyi bado hamjui.

Dere wa Zamani
Dada umenimaliza. Lakini walikuwa wanacheza nini? Biti.

Nyar Kibuye
Nimejua utarudi na biti yako 😂

Njoro wa Bahati (Nakuru)
Mimi nilikuwa shabiki wa rapa Ja Rule na bado ninaumia. Albamu yake Pain Is Love ilikuwa nambari moja 2001, kila nyumba ilikuwa nayo, kila matatu. Halafu huyu 50 akaanza kumtukana kwa kila wimbo. Na Januari 2003, mwezi mmoja kabla ya Get Rich kutoka, wapelelezi wa serikali ya Marekani wakavamia ofisi za Murder Inc. Lebo nzima ya Ja Rule ikawa na shughuli ya mawakili badala ya muziki. Mpinzani akaingia uwanjani bila golikipa.

Nasema hivi: watu walikuwa wamechoka na rap ya kuimba-imba mapenzi, wakataka ukali. 50 akauleta siku ileile ambayo mwenye soko ameshikwa mikono. Wakati ndio ulimuuza.

Mwalimu wa Lurambi
Njoro, hoja yako ya wakati ninaipenda, lakini ya kuchoka na mapenzi imegonga ukuta wa Nyar Kibuye hapo juu. Kama watu walichoka na mapenzi, 21 Questions ilifikaje nambari moja?

Njoro wa Bahati
Mwalimu, mapenzi kutoka kwa mtu mkali ni tofauti na mapenzi kutoka kwa mtu laini. Muulize yeyote.

Fundi wa Oile (Kisumu)
Nimesoma uzi wote kimya, sasa nataka niongee juu ya hapa kwetu, kwa sababu hizo 872,000 ni za Marekani. Za kwetu hakuna aliyezihesabu.

Nilikuwa na kibanda cha kurekodia kanda karibu na Oile. Deki mbili, amplifaya, spika ya nje ya kuita wateja. Get Rich ilinifikia kwa CD ya kuchomwa iliyokuja na basi la usiku kutoka Nairobi, haina hata jalada, jina limeandikwa na kalamu ya wino mzito. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshaitoa kwenye kanda nyingi. Wengine hawakutaka albamu nzima. Walileta orodha kwenye karatasi ya daftari: In da Club mwanzo wa upande A, Many Men, 21 Questions, halafu wamalizie na Ja Rule. (Njoro, ndiyo, walikuwa wanawaweka kanda moja.)

Kanda tupu zilikuwa zinaisha. Basi tunanunua kanda kuukuu za mahubiri, tunaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ikakauka, mashine inakubali kurekodi. Rap ikiisha kabla ya upande kuisha, unasikia mhubiri anaendelea na maombi pale alipoachwa. Wateja hawakulalamika.

Senti hata moja haikuenda Queens. Ndiyo maana namwambia Omosh, kanda za mtaani zinajenga jina, sawa, lakini nyuma yake lazima kuwe na duka. Kule mtu akisikia kanda ya barabarani, Alhamisi anaingia dukani mtaani kwake anakuta CD halisi, inapitishwa kwenye mashine, inahesabiwa. Hapa Kisumu CD halisi ungeipata wapi? Kanda yangu ndiyo ilikuwa mwanzo na mwisho.

Omosh wa Manyatta
Shukrani Fundi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta hasa. Wizi uleule wa kanda, kule ukamtajirisha mtu, huku ukawaua wasanii wetu.

Baba Zawadi
Na kuna jambo watu hawalijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilianza kutumika tarehe 1 Februari 2003. Siku tano kabla ya albamu hiyo kutoka! Ndiyo iliyoanzisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kwa hivyo Fundi, kwa heshima, kila kanda uliyotoa pale Oile ilikuwa tayari imevunja sheria mpya.

Fundi wa Oile
Baba Zawadi, hata ya zamani ilikuwa inakataza. Hakuna aliyekuja.

Nyar Kibuye
Hebu tutaje wetu basi. Kundi la Gidi Gidi Maji Maji. Mwaka wa 2002 wimbo wao Unbwogable uliimbwa na nchi nzima, muungano wa upinzani wa NARC wakaufanya wimbo wa kampeni, serikali ya miaka ishirini na nne ikaondoka wimbo ukiwa hewani. Wimbo wa rap wenye Kiluo ndani yake! Kama Kenya ingekuwa na hesabu ya Jumapili kama ile ya Marekani, huo wimbo ungesomeka ngapi? Nataka mtu anipe jibu la maana, si la kunifurahisha. Kwa sababu mimi naamini tulikuwa na 50 wetu, miezi michache tu kabla yake, na hatukuwa na daftari la kumwandika.

Mwalimu wa Lurambi
Jibu la maana ni kwamba hatutajua, na hilo lina gharama. Takwimu za mauzo si za kujivunia tu. Lebo inazitumia kuamua msanii afadhiliwe ziara au video ya pili, benki inazitumia, watangazaji wanazitumia. 50 alitoka kwa siku nne zile akiwa na karatasi mkononi. Mwaka huohuo Reebok wakatengeneza viatu vya G-Unit, jina la kundi lake, nguo za G-Unit zikaanza na mbunifu wa mavazi Marc Ecko. Zote zilijengwa juu ya ile namba. Marehemu Poxi Presha, aliyekuwa anarap kwa Kiluo kabla wengi hamjaanza kusikiliza, alipiga kelele juu ya wizi wa kanda hadi alipofariki 2005. Alikuwa anaidai hiyo karatasi.

Mtoto wa Kaptembwa
Hizo nguo za G-Unit niliziona za mitumba tu. Nani ananunua mpya?

Nyar Kibuye
Kwangu Kibuye ulikuwa ukifungua beli siku ya Jumapili, tishati ya G-Unit ikitokea juu, wavulana watatu wanaishika kwa pamoja. Haikuwahi kufika kwenye hanga. Fulana nyeupe zile ndefu, hata zisizo na maandishi, zilipanda bei kwa sababu yake.

Dere wa Zamani
Halafu zikaja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Kuanzia Februari 2004 tukafungwa vidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa manjano, na spika zikatolewa. Gari langu likawa kimya kama kanisa Jumatatu. Mwaka mmoja tu, kutoka Februari hadi Februari, ndio tuliokuwa nao na ile albamu barabarani kwa sauti kamili. Nadhani ndiyo sababu watu wa Nakuru wa rika langu wanaikumbuka kuliko zote zilizofuata. Ilikuwa ya mwisho.

Kipchumba_Njoro_Road (Nakuru)
Niko na miaka 22, naomba kuuliza wazee. Kwenye simu yangu naona imeandikwa platinamu mara tisa. Ina maana iliuza CD milioni tisa Marekani?

Mwalimu wa Lurambi
Karibu kijana. Hapana, si CD tupu. Platinamu moja ni uniti milioni moja, na cheti cha mara tisa kilitolewa 2020. Tangu 2016 RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani kinachotoa vyeti hivyo, wanaingiza pia usikilizaji wa mtandaoni: mara 1,500 za kusikiliza zinahesabiwa kuwa albamu moja. Na cheti hakiji chenyewe, lebo ndiyo inaomba. Mwaka wa 2003 peke yake iliuza zaidi ya milioni sita, hizo zilikuwa CD na kanda za kushika mkononi. Ukilinganisha na Speakerboxxx/The Love Below ya Outkast ya mwaka uleule, iliyowapiku 50 na wengine kwenye Grammy ya 2004, kumbuka ile ina diski mbili, na kila seti moja ilihesabiwa mara mbili kwenye vyeti. Kwa hivyo anayekuambia Outkast walimzidi mauzo mara mbili, mwambie ahesabu seti.

Kipchumba_Njoro_Road
Asante mwalimu. Basi Fundi wa Oile angekuwa na mtandao wakati huo, Kisumu ingehesabiwa.

Fundi wa Oile
Kisumu ingehesabiwa, mimi ningefunga kibanda. Na nilikifunga. Vijana walianza kuhamisha nyimbo kwa simu, hakuna aliyenihitaji.

Omosh wa Manyatta
Turudi kwenye swali. Hadi sasa tuna kanda zangu, biti ya Dere, risasi za Kaptembwa, Eminem wa Baba Zawadi, siku ya kuzaliwa, kuanguka kwa Ja Rule, na duka la Fundi. Hakuna aliyeachia.

Mtoto wa Kaptembwa
Na hatutaachia. Niwape mtihani. The Massacre, Machi 2005: zaidi ya milioni 1.1, tena kwa siku nne tu. Hakuna risasi mpya, hakuna wimbo wa siku ya kuzaliwa, Ja Rule ameshaisha. Elezeni.

Baba Zawadi
Watu walikuwa wanamdai. Ukimlisha mtu vizuri mara ya kwanza, mara ya pili anakuja bila kuuliza kuna nini.

Njoro wa Bahati
Sawa, basi niende mbele zaidi. Tarehe 11 Septemba 2007, Curtis ya 50 na Graduation ya Kanye West zinatoka siku moja. Kanye 957,000, 50 akabaki na 691,000. Eminem alikuwepo, Dre alikuwepo, hadithi ya risasi ilikuwa ileile, na yeye ndiye aliyekuwa amelishwa sifa miaka minne. Kila sababu iliyotajwa kwenye uzi huu alikuwa nayo siku hiyo.

Dere wa Zamani
Njoro, zipige hizo albamu mbili kwenye spika nzuri, uniambie ni gari lipi ungepanda.

Nyar Kibuye
Ya Kanye. Na ninajua utasema nini.

Omosh wa Manyatta
Mimi bado nasema 2007 hakuwa na kanda za mtaani zenye uzito wa 2002. Alikuwa tajiri, alikuwa anamuuzia nani njaa? Mwenye orodha ya alichotoa barabarani kati ya 2005 na 2007 ailete hapa tuipime moja moja.